Mashine ya farasi 15 haiwaki: plagi zinatoa moto, petroli inafika. Nini tena?

Nahodha wa Kivinje

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za boti. Wa "vuta tena kwa nguvu" wapite tu, hao ninao wengi hapa pwani.

Nina mashine ya kupachika, farasi 15, tustroki, silinda mbili, ya kuvuta kwa kamba. Mali ni ya tajiri, yuko Dar. Mimi ni nahodha tu, ndiye ninayepigiwa simu asubuhi na jioni. Tunaifunga kwenye boti ya mbao, tunatoka Kilwa Kivinje kwenda Songo Songo. Kwenda tunabeba barafu, kurudi pweza na samaki.

Kusi ilipokaza tuliivua tukaiweka stoo. Haikuwa na ugonjwa wowote wa maana, ila asubuhi zenye unyevu ilikuwa inasumbua kidogo kuamka. Tajiri akasema kabla bahari haijatulia fundi aipitie. Akaja fundi wa hapa hapa, kijana wa pikipiki, mikono myepesi sana. Akashusha kabureta akaiosha. Akatoa mfuniko wa kamba, akatoa na flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya injini), akasafisha koili maana zilikuwa zimeota chumvi nyeupe. Akarudisha kila kitu. Tukaitia kwenye pipa la maji, ikawaka, ikakojoa maji vizuri, kila mtu akacheka, akalipwa chake.

Safari ya kwanza tu, tumeshaiacha mikoko nyuma, nimeipa mafuta kupanda wimbi, ikapiga "ta!" moja kubwa ikazima. Mpaka leo haijawaka tena. Tulirudi kwa kafi na kwa huruma ya maji kujaa.

Hali yake ya sasa ni hivi. Plagi mpya, zote mbili nimezitoa nikaziegemeza kwenye bloku, zinatoa moto. Petroli inafika, maana nikivuta sana plagi zinatoka zimelowa. Puto la mpira nikilibonya linakuwa gumu. Klipu nyekundu ya usalama ipo mahali pake. Choki nimevuta, nimerudisha, nimejaribu bila choki. Kuna wakati inapiga chafya kupitia kabureta na kamoshi kidogo, na juzi kamba ikaninyang'anya mkono ikarudi ndani kwa kasi mpaka kiwiko kikauma.

Fundi sasa anasema CDI, kile kiboksi cha umeme kinachopeleka moto kwenye plagi, imekufa, ninunue mpya. Tajiri ananiuliza mimi. Bamvua linakuja, Songo Songo watu watashuka mwambani kuchukua pweza, na mimi nimekaa na boti isiyo na mashine. Kabla sijamtia mtu hasara: ni CDI kweli?

Mzee wa Ngalawa

Tanga halina CDI.

Kijana wa Shimoni

Pole sana ndugu. Huku Shimoni hizo injini ndizo tunazotumia kupeleka wageni Kisite, kwa hivyo shida zake twazijua.

Mimi ningeanza na swichi ya kuzimia. Klipu kuwa mahali pake si hoja, kile kitufe chenyewe ndani huingia maji ya chumvi na waya wake ukaanza kugusa bodi. Injini inapata moto saa hii, saa ile haipati. Fuata ule waya kutoka kwa swichi hadi unapoungana na CDI, uchomoe, halafu vuta kamba. Ikiwaka, basi swichi ndiyo mwizi. Lakini ujue ukiwa umechomoa huo waya injini haitazima kwa kitufe, uizime kwa kuvuta choki au kuchomoa bomba la mafuta usubiri iishe. Na usiende nayo baharini hivyo. Hiyo ni ya kupimia tu.

Pia nakuuliza, petroli umeitoa wapi? Kama ni ile iliyokaa stoo msimu mzima, imwage.

Mama Igombe

Nimeona neno petroli nikaona nisipite.

Mwanangu nahodha, mimi ni tajiri, nina mitumbwi ya dagaa hapa Igombe, Mwanza. Kwa hiyo nakuelewa na namwelewa na huyo anayekupigia simu kutoka Dar. Vijana wangu wakinipigia usiku wa giza, wakati ndio wa kazi maana dagaa tunawavua kwa taa mwezi ukiwa haupo, wakasema "mashine imegoma", swali langu la kwanza siku zote ni moja: dumu la leo mlilipima?

Tunapima hivi. Chupa ya maji ya plastiki, ile inayoonyesha, tunaijaza petroli kutoka CHINI ya dumu kwa mpira, si kutoka juu. Tunaiacha isimame wakati wengine wanapanga nyavu. Kama kuna maji yanakaa chini, unaona mstari kabisa, juu rangi ya petroli, chini kweupe. Petroli ni nyepesi kuliko maji, haiwezi kuyaficha ukiipa nafasi ya kutulia. Na mpira wa kunyonyea ndani ya tanki la boti unafika chini kabisa, kwa hiyo maji ndiyo yanayotangulia kwenye mashine, hata yakiwa kikombe kimoja.

Halafu nusa. Muuzaji wa madumu leo anatia petroli, jana alitia dizeli, juzi mafuta ya taa, na dumu ni lile lile. Tone moja kwenye kiganja, petroli safi inaruka yote, ikibaki utelezi wa mafuta kabla hata hujachanganya oili, hiyo imechakachuliwa. Nilishafukuza muuzaji mmoja mwaloni kwa sababu hiyo, akanitukana, nikamwambia atukane akiwa mbali.

Oili mnachanganya kiasi gani?

Nahodha wa Kivinje

Shikamoo mama. Petroli ya stoo niliimwaga, hii ni ya kituo cha Nangurukuru, nimeileta mwenyewe. Kipimo chako cha chupa nimekifanya asubuhi hii: hakuna mstari, na kiganja kimekauka. Oili tunatia mililita 400 kwa lita 20.

Kijana wa Shimoni, waya wa swichi nimeuchomoa. Moto upo vile vile kama mwanzo, na mashine haijawaka vile vile kama mwanzo.

Ajabu ya Mungu, gesi inatoka Songo Songo hapo mbele ya macho yangu, inapita kwenye bomba hadi Dar tangu 2004, na mimi nasafiri na dumu kutafuta petroli ya kuifuata hiyo hiyo Songo Songo.

Mama Igombe

Marahaba. 400 kwa 20 ni hamsini kwa moja, ndiyo yenyewe. Basi petroli umeshinda, niwaachie mafundi.

Fundi Deep Sea

Nimesoma kuanzia juu. Niko Tanga, Deep Sea, hizi mashine ndogo ndizo zinazonilisha. Nahodha, USINUNUE CDI. Mtu akikwambia kifaa cha umeme kimekufa wakati plagi inatoa moto mbele ya macho yako, mwombe akueleze huo moto unatoka wapi.

Nipe majibu ya mambo machache kwanza, maana nadhani nimeshauona ugonjwa wako ila sitaki kukutibu kwa simu kwa kubahatisha.

La kwanza, moto. Rangi gani? Bluu unaolia "tak", au wa chungwa uliolegea? Plagi ikiwa nje kwenye hewa ya kawaida hata moto dhaifu unaruka. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na moto dhaifu hapo unashindwa. Na unapopima, hakikisha plagi zote mbili zimegusa bloku, chuma kwa chuma, si kwenye rangi. Ukivuta kamba huku kofia ya plagi inaning'inia hewani, umeme unatafuta njia nyingine na hapo ndipo CDI na koili zinapokufa kweli. Zaidi ya yote, zipeleke plagi mbali na matundu yake. Mashine imelowa petroli, ukivuta inatema mvuke, na moto uko pale pale. Boti za mbao zinaungua hivyo.

La pili, mafuta. Kausha mashine kwanza kwa sababu umeshainywesha mpaka imelewa. Chomoa bomba la mafuta, toa plagi, ondoa klipu nyekundu, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, vuta kamba mara kadhaa hewa ipite. Halafu chukua kizibo cha soda, jaza nusu petroli iliyochanganywa oili, mimina kwenye silinda ya juu, nusu nyingine ya chini. Funga plagi kavu, rudisha klipu, vuta. Mashine yenye shida ya kabureta au pampu ya mafuta itawaka hapo, itanguruma kidogo na kufa, kwa sababu umeipa chakula mkononi. Isipojibu chochote, kabureta iache, haina kesi.

La tatu, mbano. Huna geji, sawa. Dole gumba kwenye tundu la plagi, mwenzako avute kamba. Linatakiwa lisukumwe litoke hata ukibana. Juu na chini zifanane. Moja ikiwa imelegea sana kuliko nyingine tutazungumza habari za ringi.

La nne, na hili ndilo ninalolitaka: huyo fundi alipotoa flaiwili, aliitoa kwa kitu gani, na aliirudisha vipi? Ulikuwepo?

Nahodha wa Kivinje

Shikamoo fundi. Nilikuwepo, nilikuwa nashika tochi.

Moto ni bluu na unalia. Kizibo cha soda nimefanya. Haikuwaka, ila ilipiga chafya kubwa kwenye kabureta, na mara moja ikanipiga teke la kamba kama lile la juzi. Mbano upo, dole linarushwa, juu na chini sioni tofauti.

Flaiwili aliitoa kwa nyundo. Alilegeza nati, mwenzake akaining'iniza mashine kwa kushika flaiwili, yeye akapiga kichwa cha shafti. Kurudisha, alipaka grisi pale kwenye shafti ili isishike kutu, akaivalisha, akakaza nati kwa spana ya kawaida huku ameizuia flaiwili kwa bisibisi.

Fundi Deep Sea

Marahaba. Grisi. Ahsante, imetosha.

Sikiliza. Juu ya shafti ya injini kuna sehemu iliyochongwa ikapungua kuelekea juu, na flaiwili nayo ndani yake imechongwa hivyo hivyo. Kinachoishika flaiwili isizunguke peke yake ni vyuma viwili hivyo kubanana vikavu, nati ikivisukumia pamoja. Kati yao kuna kipande kidogo cha chuma cha nusu mwezi, tunakiita kii, kinakaa kwenye mfereji wake. Watu wanadhani kii ndiyo inayoshika flaiwili. Hapana. Kii inaionyesha tu flaiwili mahali pa kukaa, na imetengenezwa kwa chuma laini makusudi. Ukipaka grisi pale, au usipokaza nati inavyotakiwa, mzigo wote unahamia kwenye kile kichuma. Kwenye pipa mashine inawaka kwa sababu haina mzigo. Ukiipa mafuta baharini kupanda wimbi, flaiwili inateleza, kii inakatika. "Ta!" Ndiyo hiyo uliyoisikia.

Sasa ndani ya flaiwili ndimo zilimo sumaku, na sumaku ndizo zinazoiambia CDI lini itoe moto. Flaiwili ikihama upana wa kidole tu, moto unatoka wakati pistoni haiko mahali pake. Kwa hiyo moto upo, mafuta yapo, mbano upo, na mashine haiwaki. Moto ukija mapema mno, unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, ndiyo lile teke la kamba. Ukija wakati njia ya mafuta haijafunga, inatema kwenye kabureta, ndiyo chafya. Kabureta mbovu haimpigi mtu teke namna hiyo.

Usifungue kitu bado. Hakikisha kwanza. Toa plagi zote mbili, ondoa klipu nyekundu. Chukua mrija wa soda wa plastiki, usiweke bisibisi wala spoku ya baiskeli, utakwaruza. Utie kwenye tundu la silinda ya juu uguse pistoni. Zungusha flaiwili kwa mkono taratibu, upande ule ule inaozunguka ukivuta kamba. Mrija utapanda, utasimama, utaanza kushuka. Pale unaposimama juu kabisa, acha. Tazama ukingo wa flaiwili, kuna alama zilizochongwa, na kwenye mashine kuna kimshale cha kuelekeza. Pistoni ya juu ikiwa kileleni, alama ya sifuri inatakiwa itazamane na kimshale. Niambie iko wapi.

Mzee wa Ngalawa

Mimi nimekaa na kahawa yangu nafuatilia. Tanga halina sumaku.

Nahodha wa Kivinje

Fundi, alama imekimbia. Mrija ukiwa juu kabisa, sifuri iko mbali na mshale kama upana wa vidole vitatu. Nimerudia na mtu mwingine akiwa ameshika mrija, majibu ni yale yale.

Kijana wa pikipiki nimemwonyesha. Amenyamaza, kisha akasema "hizi za baharini ziko tofauti."

Fundi Deep Sea

Haziko tofauti, flaiwili ya pikipiki nayo hukaa kwa mtindo huo huo. Lakini mwache, msaidie ajifunze, kesho ndiye mtakayemwita tena.

Kufungua sasa. Nyundo iweke mbali. Kupiga kichwa cha shafti kunaharibu uzi wa nati, na mshindo unashuka mpaka kwenye beringi. Kupiga flaiwili kunaweza kung'oa sumaku. Tafuta pula, ile ya bamba lenye boliti tatu zinazoingia kwenye matundu yenye uzi karibu na katikati ya flaiwili. Pula ya makucha inayovuta ukingo wa nje hapana, itaipinda. Kilwa Masoko sidhani utakosa mtu mwenye bamba hilo, hata wa gereji ya magari, na kama hana achome bamba nene matundu matatu. Nati usiitoe yote, ilegeze mpaka ilingane na ncha ya shafti, iulinde uzi. Kaza boliti ya katikati ya pula, ikishakuwa ngumu igonge kidogo kichwa chake, hiyo boliti ya pula tu. Itaruka yenyewe.

Ikitoka, tazama vitu vitatu unitumie picha. Kii yenyewe. Mfereji wake kwenye shafti na ndani ya flaiwili, kama kingo bado ziko wima au zimepanuka. Na nyuso za kubanana, kama zina mikwaruzo mirefu.

Nahodha wa Kivinje

Bamba limepatikana Masoko kwa mtu wa malori, nimeacha simu yangu rehani.

[picha]

Hiyo kwenye kiganja ndiyo kii. Ilitoka nusu mbili: nusu imebaki kwenye shafti, nusu kwenye flaiwili, na katikati imekatika safi utadhani imekatwa kwa msumeno. Grisi ilikuwa imejaa pote. Mifereji naiona iko wima. Mikwaruzo ipo midogo, ukipitisha ukucha unaisikia kidogo.

Kii hapa hakuna. Masoko hakuna. Mtu wa malori anasema tukate msumari wa nchi nne tuuchonge kwa tupa.

Kijana wa Shimoni

Aaa, mimi nishawahi kuchonga kwa msumari na nikarudi nyumbani salama. Ukiwa huna, huna. Ukichonga vizuri ikakaa kwa mfereji bila kucheza, itakupeleka.

Fundi Deep Sea

Kijana wangu wa Shimoni, wewe ulikuwa baharini unatafuta njia ya kurudi, hapo hata mimi ningechonga. Huyu yuko nchi kavu na basi linapita kila siku. Msumari wa duara hauwezi kukaa kwenye mfereji wa nusu mwezi, utakaa umeinama, utainua flaiwili isikae sawasawa, na flaiwili isipokaa sawasawa itakata tena, safari hii inaondoka na mfereji wa shafti. Mfereji wa shafti ukipanuka, unazungumzia kubadilisha shafti nzima, na hapo tajiri atauza boti. Wengine wanaenda na chuma kigumu, kipande cha tupa au cha bladi, wakidhani ndiyo imara. Hicho ni kibaya zaidi ya msumari: kii ngumu haikatiki, inakata wenzake.

Piga simu Dar wakutafutie ya mashine yako. Soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha bano la kufungia, usiseme tu "farasi 15", ziko za aina nyingi. Ni kipakiti kidogo kuliko kiberiti, watampa dereva wa basi la Lindi au Mtwara, unakipokea Nangurukuru.

Wakati unasubiri, kazi ipo. Osha shafti na tundu la flaiwili kwa petroli na kitambaa mpaka grisi yote iishe, kausha kabisa. Ile mikwaruzo midogo isugue kwa msasa laini sana, kuzunguka, si kupanda na kushuka, na usiendelee kwa raha, unaondoa tu vinundu. Halafu valisha flaiwili bila kii, ikandamize kwa mkono, jaribu kuitikisa. Ikikaa bila kucheza, iko sawa. Kwenye sumaku futa unga wote wa chuma, utakuwepo, zinauvuta.

Ukifunga: kavu kwa kavu, kii iwe imelala sambamba isisimame upande mmoja, nati na washa yake. Kukaza ni kwa ile spana yenye kipimo, kwa namba ya kitabu cha mashine hiyo. Huyo mtu wa malori anayo, hawezi kufunga kichwa cha injini bila hiyo. Mwombe, na simu yako ikae rehani siku moja zaidi. Flaiwili usiizuie kwa bisibisi, utaiharibu; tumia mkanda wa turubai ule wa kufungia mizigo, uuzungushe ukingoni.

Mama Igombe

Nahodha, hesabu ya basi na kii mpelekee tajiri wako pamoja na ile picha. Mimi mtu akiniletea picha ya kilichokatika ninalipa hapo hapo. Akiniletea maneno, nalala nayo kwanza.

Nahodha wa Kivinje

Wakuu.

Kii ilikuja, mbili, tajiri alisema moja ikae akiba. Tumefunga jinsi fundi alivyoelekeza, mimi na kijana wa pikipiki, na safari hii yeye ndiye aliyeshika tochi. Spana ya kipimo ililia "tik" akaruka. Mrija tukautia tena: pistoni juu, sifuri na mshale vinatazamana.

Kwenye pipa imewaka, ikatoa moshi mwingi wa yale mafuta niliyoinywesha, kisha ikatulia ikawa inanguruma vizuri na kukojoa maji. Tumeipeleka mpaka nje ya mikoko tukaipa mafuta kamili kwenda na kurudi. Hakuna chafya, hakuna teke. Hata ule usumbufu wa asubuhi umepungua, nadhani ni zile koili alizosafisha, kwa hiyo kijana naye ana chake.

Fundi nikutumie nini? Pweza mkavu anafika Tanga.

Fundi Deep Sea

Pweza hakataliwi, ila mpe basi lenye dereva mwaminifu.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, mashine ikipoa, toa mfuniko urudie kipimo cha nati mara moja. Na ukirudi kila siku iendeshe kwenye maji baridi ya kisima dakika chache, halafu chomoa bomba la mafuta iache izime yenyewe, ili kabureta isibaki na petroli ya kuganda. Usiiwashe hata kidogo bila maji, ile impela ya kusukuma maji ni mpira, inaungua upesi kuliko unavyodhani.

Ile oili mnayotia ni ya mashine za boti au ya bodaboda?

Nahodha wa Kivinje

Ya bodaboda. Ndiyo inayopatikana.

Fundi Deep Sea

Kopo linalofuata tafuta lenye maandishi TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, kwenye hizi za maji inaacha masizi na vinundu vyeupe kwenye plagi. Hata tajiri akilalamika bei.

Mama Igombe

Fundi, kabla hujaondoka. Mimi nina ya farasi 40, inawaka vizuri asubuhi, ikishapata moto ukiizima haikubali kuwaka mpaka ipoe. Petroli nimeshapima.

Fundi Deep Sea

Mama, hiyo ni nyingine kabisa, ifungulie uzi wake. Weka picha ya plagi zote mbili zikiwa ndiyo zimetoka, usizifute, na ukaangalie ikikataa kuwaka kama moto upo au haupo. Usiku huu nitakuwepo.